Mwaka Dada Hadija Alipokatazwa Kuuma Mbegu

Wiki iliyopita nilikwenda Mazinde kwenye arobaini ya Dada Hadija, na nimerudi na hasira isiyotulia hata kwa chai. Kisomo kilikuwa kimekwisha na pilau inapakuliwa, sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka kando ya ukuta, wanaume kwenye viti chini ya turubai, ndipo yule aliyekuwa mwenyekiti wa gulio letu kule juu milimani aliposimama kutoa neno. Ni mtu wa adabu, siwezi kumsingizia. Nimemzidi zaidi ya miaka kumi, na hajawahi kunipita njiani bila shikamoo. Alivua kofia akaishika kifuani, akasema marehemu alikuwa nguzo ya gulio, kwamba milima yetu yote imekula maharage yaliyotoka mikononi mwake, na kwamba ulipoingia ule ugonjwa wa korona alistaafu kwa hiari yake, akawaachia vijana nafasi, akashuka huku kwa binti yake kupumzika. Kupumzika! Watu wakaitikia amin. Mimi nilikuwa nimeshapokea sahani yangu, nikaiweka chini kwenye mkeka.

Najua wanaoandika habari za maisha yao huanza na babu, na boma, na mwaka walioingia shule. Mimi babu yangu namruka, Mungu amrehemu, na shule yangu haikuwa ndefu hata ihesabiwe. Husemwa mtu hufundwa angali kijana. Mwaka ulionifunda mimi ulinikuta nina miaka sitini na mitatu, mjane, muuza karoti na vitunguu, vidole vimeanza kukakamaa kwa baridi ya kwetu, na nikijiona ninajua kila kitu. Gulio hilo silitaji jina. Linakaa kila Jumanne, na wahusika watajijua wenyewe.

Dada Hadija aliuza mbegu za maharage. Si maharage ya kupika, ni mbegu. Alikaa mlangoni kabisa, chini ya bati la kwanza, na mbele ya jamvi lake makopo yamepangwa: mekundu, ya njano, meupe madogo, yenye madoa kama mayai ya kware, na yale meusi ambayo siku hizi huyaoni tena. Ukija kununua hakukusifia kitu. Alichukua harage moja, akalifuta majivu kwenye khanga, maana mbegu zake alizihifadhi kwa majivu zisiliwe na wadudu, kisha akaliuma kwa meno ya mbele huku unamtazama. Likipasuka kwa mlio, ni kavu, alikufungulia vipande viwili uone ule mche mdogo umelala ndani mzima. Jino likizama, alitema, akalisukuma kopo zima nyuma ya mgongo wake, na hapo hata ungemlilia asingekuuzia. Alikuwa na miaka sabini na minne na meno ya mbele yote, akayatunza kwa mkaa na chumvi kama mwingine anavyotunza jembe. Watu walitoka Shume na Gare na mbegu zao wenyewe walizoweka nyumbani, wazilete tu aziume kabla ya kuzipanda, wakamwachia kabichi au viazi, wakaenda zao wametulia. Hata vijana wenye mbegu za pakiti, zile zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi ambazo ukiuma utaumwa wewe, walimpitia kumsikia anasemaje juu ya mvua. Mimi nilikaa jamvi la pili. Miaka kumi na minane tulikaa bega kwa bega, yeye na swala zake, mimi na nyimbo zangu za Kilutheri, na makande ya mchana tuliyala bakuli moja.

Ugonjwa ulifika redioni kwanza, kisha shule zikafungwa, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Wazungu waliokuwa wakipita na vijana wao wa kuwaongoza kutazama misitu wakatoweka ndani ya siku chache tu. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa mlangoni pa gulio. Na mtu asinielewe vibaya: ugonjwa ulikuwa wa kweli. Kaka yangu aliyekaa Shume kifua kilimbana siku nane, siku ya tisa tukamzika, na wengi waliokuwa wakila kwake wakatuma salamu tu. Sibishani na ugonjwa mimi. Ninabishana na watu.

Kamati ya gulio iliitana kwenye chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, chumba ambacho ukikaa dakika kumi unatoka mweupe kwa unga. Mimi nilikuwa mjumbe wa akina mama. Tulikaa sita kwenye benchi la watu wanne, magoti yanagusana, tunajadili namna watu wasikaribiane, na katika sisi sote hakuna aliyeona kichekesho. Aliyelianzisha ni Sufiani, mwenye duka la pembejeo, kijana wa maneno laini. Alisema anamheshimu sana bibi, lakini bibi anatia mbegu kinywani kisha anashika zile zile anazouzia watu, na yeye mwenyewe ni mtu mzima, akiugua tutasema nini kwa Mungu? Mwenyekiti akasema kinga ni bora kuliko tiba. Mmoja akatania kwamba penye wazee haliharibiki neno, basi tuwafiche wazee ndani neno lisiharibike, tukacheka. Ikapitishwa kwamba waliovuka sitini wakae nyumbani wiki chache, mpaka hali itengemae. Hapo mtu mmoja akanitazama. Mwenyekiti akawahi kusema Mama Damari ni mjumbe, huyu hayumo kwenye hesabu. Nikamshukuru kimoyomoyo, na nilipotoka nje nilijikung'uta unga nikijiona bado msichana.

Ujumbe nilipewa mimi niupeleke, kwa kuwa mimi atanisikiliza. Nilimkuta jikoni kwake. Lile jiko nikifumba macho naliona: kuta nyeusi kwa moshi wa miaka, mafiga matatu, na juu ya moto ule uchaga wa miti alikoweka madebe yake ya mbegu zipate joto. Nilisimama mlangoni, khanga imefunika pua, nikamwamkia. Aliitikia marahaba mdogo wangu, akauliza mbona nimesimama nje kama mtoza kodi. Nikayatoa yote: kamati, afya, wiki chache, na kwamba tunampenda. Nilisema tunakupenda kama mara tatu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuacha kuchambua. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa Kishambaa, na nikikiweka kwa Kiswahili makali yake yanapungua: masika ndiyo haya, watu watapanda nini ambacho hakijaumwa? Nikajibu Sufiani anazo za pakiti. Akatoa harage bovu akalitupa motoni. Mwishowe akasema neno ambalo ningelipa chochote asingelisema.

"Wangekuja wao, ningekuja Jumanne. Kwa kuwa umekuja wewe, nitakaa."

Basi akakaa. Wiki chache zikala masika yote. Wenye haraka walinunua mbegu kwa wachuuzi wa tambarare, hazikukauka, nyingi zikaozea ardhini, na mashamba ya mwaka ule yakaota kama kinywa cha kibogoyo. Hilo nalo hakuna aliyeliitia kikao. Mimi kila Jumanne nikitoka gulioni nilipita kwake, nikasimama uani mbali, tukapigiana kelele kama watu wa mabonde mawili. Nilimwachia karoti jiweni, naye akasubiri nigeuke ndipo aje kuzichukua, maana ndivyo tulivyoagizwa. Mwanzoni aliniuliza habari za kila mtu: nani kaja, nani kaoa, yule wa Gare mkewe kajifungua? Kufika mwezi wa sita maswali yalikwisha. Nilimwuliza anapika nini, akasema makande ya mtu mmoja hayana utamu, anakunywa chai. Alikuwa ameanza kuvaa sweta mchana wa jua. Nilijiambia ni uzee, na kwamba binti yake Hamisa bila shaka anamtumia chochote kutoka Mazinde. Hamisa alikuwa mama lishe wa stendi na mabasi yalikuwa matupu, na mwenyewe alijiambia mama yuko na watu wake juu, Mama Damari yupo. Kila mmoja alimlisha kwa mdomo wa mwenzake.

Tena wakati huo huo shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Kanisa lilijaa, msikiti ulijaa, na kwenye kilabu cha pombe nyuma ya gulio wanaume waliendelea kupokezana kopo moja mwaka mzima, mate kwa mate, bila kamati kuwapelekea mjumbe. Mate yaliyokatazwa yalikuwa ya Hadija peke yake! Siku moja nilikuwa nanawa kwenye ndoo, ukuta wa mbao wa ofisi ya gulio uko kisogoni kwangu, nikamsikia Sufiani anauliza ndani itakuwaje vuli ikifika na bibi akitaka kurudi. Meza yake ya pakiti ilikuwa chini ya bati la kwanza tangu Machi. Mwenyekiti akamjibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: wazee wakishakaa hawainuki, wewe tulia. Nilifunga bomba la ndoo. Nilikausha mikono kwenye gauni. Nikarudi kuuza vitunguu vyangu, na siku ile vilitoka sana.

Lakini aliinuka. Jumanne ya kwanza ya mvua za vuli alikuja na debe moja kichwani, amejifunga khanga mpya, amekonda mpaka shingo imeonyesha kamba zake. Alisimama mbele ya meza ya Sufiani akaitazama. Sufiani akamwamkia vizuri sana, akamtolea kigoda, akamwambia bibi leo uwe mgeni wetu. Hakuna aliyemwambia rudi mahali pako. Alikwenda kutandika jamvi nyuma kabisa, karibu na mfereji wa maji machafu. Mwenyekiti alipita, akampa shikamoo, akamwuliza kwa nini asijipumzishe nyumbani jamani na hali hii. Kisha akaja yule mtu wa Gare, ambaye Hadija alimuumia mbegu tangu mwaka aliooa. Alitaka za njano. Dada akachukua moja, akaifuta, akaipeleka kinywani, na yule bwana akarudi nyuma hatua mbili, akainua kiganja.

"Bibi, samahani, usiume. Nipe tu hivyo hivyo."

Dada Hadija alibaki na harage kati ya vidole. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimemletea uji. Akamwuliza yule mtu, taratibu kabisa, "Nikikupa bila kuuma, nimekuuzia nini?"

Yule bwana akachekacheka, akasema atapita baadaye. Alipitia mezani kwa Sufiani. Kabla ya adhuhuri Dada Hadija alikunja jamvi. Nilimsaidia kujitwika debe, nikamwambia watazoea tu, na yeye akaniambia nirudi kwenye karoti zangu, wateja wananingoja. Kama ni kweli akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, siku ile mimi nilikuwa nani kwake? Nilirudi kwenye karoti.

Hakuja tena. Vuli ilikuwa imekolea, utelezi umeharibu njia, nikakosa kumpitia Jumanne mbili. Ya tatu nilipanda kwake na mvua. Moshi ulikuwa unatoka, nikafurahi. Safari hii sikusimama uani, nilichoka na ujinga ule, niliingia moja kwa moja nikakaa kwenye kigoda. Chungu kilikuwa motoni na harufu ilikuwa nzuri, harufu ya maharage yanayokaribia kuiva, ya njaa hasa. Nikainua macho kwenye uchaga. Madebe yalikuwa yamelazwa ubavu, midomo wazi. Nikayahesabu kwa macho, yote matupu. Nilimtazama yeye, nikatazama chungu. Alipakua bila haraka, sahani mbili. Mekundu, ya njano, meupe, yenye madoa, meusi, yote pamoja. Mbegu alizopokea kwa mama yake, ambazo hata mwaka wa njaa kali mama huyo aliwalaza watoto na maji ya moto asiziguse. Kwetu mtu akikuambia fulani amekula mbegu, humwulizi zaidi, unajua hapo pamekwisha.

"Kula, Damari," akasema. "Zimeiva."

Nilikula. Mungu ananiona, zilikuwa tamu. Yale meusi yana utamu wa aina yake, na kwa miaka yote nilikuwa sijawahi kuyaonja, kwa kuwa hayakuwa ya kula. Tulikula mpaka sahani zikaisha, akaniongeza, nikala tena. Nilitaka alie, nami nilie, tumalize. Hakulia. Alisema tu kwamba ameshamtumia Hamisa ujumbe aje amchukue, maana mtu asiye na kazi hana haja ya kukaa baridini. Aliposema asiye na kazi alijigusa meno ya mbele kwa kidole, sijui kama alijua anafanya hivyo. Kabla ya Krismasi alikuwa ameondoka. Korona haikumgusa hata siku moja, si huku juu wala kule chini.

Huko Mazinde nilimtembelea kila nilipopata nauli. Chumba kizuri, sakafu ya vigae, feni, kitanda cha chuma. Moto wa kuota haukuwepo wala hakuuhitaji, joto la tambarare lilitosha kumwivisha mtu. Alikaa dirishani akitazama malori ya barabara kuu, mikono mapajani, mwanamke ambaye sijawahi kumwona mikono mitupu. Hamisa alimtunza, simlaumu, alimwogesha na kumlisha vizuri. Lakini nilikuwa nikimwuliza Dada habari, naye ananijibu nzuri, na baada ya hapo hatuna la kusema. Watu wawili tuliozungumza miaka kumi na minane bila kumaliza. Ndivyo alivyokaa mpaka siku alipofumba macho, na hayo ndiyo mapumziko ambayo mwenyekiti aliyasifu watu wakaitikia amin.

Kwa hiyo niliweka sahani chini, nikasimama. Nilivuka upande wa wanaume, mwanamke mzee wa Kikristo katikati ya shughuli ya watu, nikasema hakustaafu. Nikasema tulimwondoa. Nilieleza kikao cha kwenye unga, na meza chini ya bati la kwanza, na maneno niliyoyasikia kupitia mbao. Mwenyekiti hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema mama, tulifanya kwa nia njema, hali ilikuwa ngumu, na wewe ulikuwepo. Nikamwambia nia njema haikumpelekea hata kibaba cha unga. Watu walitazama viatu vyao. Nilijisikia nimesema, nimemtetea dada yangu, nikajiona askari. Nikageuka nirudi mkekani, na Hamisa alikuwa amesimama njiani na sinia la pilau mikononi.

Hakupaza sauti. Aliniita mama mdogo, kama alivyoniita siku zote.

"Mama mdogo, hayo uliyasikia akiwa hai. Mbona hukuyasema gulioni?"

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyatengeneza miaka yote hii: ugonjwa, hofu ya watu, mimi mwanamke mmoja kati ya wanaume watano, mvua, njia. Nilimtazama yule mtoto, ana kidevu cha mama yake, nikayaacha yote.

"Nilikuwa na miaka sitini na mitatu," nikamwambia. "Ningefungua mdomo wangenihesabu na mimi. Nilitaka kubaki na jamvi langu."

 Hamisa akaliweka sinia chini, akanigeuza bega kwa mkono wake mpaka nikawatazama tena wale wanaume, na mwenyekiti, na watu wote wa kwetu waliokuwa wameshuka.

"Basi waambie na hilo," akasema.

Nikawaambia.